Jibu la Tatu

Tangu Modesta aingie kazi ya laini za umeme, hakuna mwanaume aliyemwangalia kama Yeremia, na hakuna aliyempuuza kama Yeremia huyo huyo.

Akiwa juu ya nguzo, mkanda wa usalama umembana kiuno na vile vikombe vya kushikia waya viko mbele ya pua yake, macho ya Yeremia yalikuwa juu yake kama jua la saa saba. Hayakwenda kushoto wala kulia. Pikipiki zipige honi, wanafunzi wapite wakichekana, korongo atue kwenye nguzo ya jirani na mdomo wake kama jembe, Yeremia hageuki. Lakini Modesta akishuka tu, buti zikigusa udongo, yale macho yanazimika. Yeremia anakunja kamba. Yeremia anaangalia viatu vyake. Ukimpa maji anapokea kama anayepokea bombani.

"Huyu mtu," Modesta alikuwa akijiuliza, "ananiona au hanioni?"

Kuangalia ilikuwa kazi, alilijua hilo. Kila anayepanda ana mlinzi wake chini, anayeshika kamba na kumtazama mpaka ashuke. Na mlinzi haruhusiwi kumpigia soga mtu aliye juu. Ana maneno matatu tu: Endelea. Simama. Shuka. Kipindi chote cha majaribio, Yeremia alikuwa amemwambia maneno hayo matatu na salamu ya asubuhi. Sasa mbona neno "Endelea" likitoka kinywani mwa Yeremia lilimpanda Modesta mgongoni taratibu mpaka shingoni? Na kama kuangalia ni kazi tu, mbona walinzi wengine walipepesa macho?

Asubuhi ya siku ya kupokelewa alikuwa amekaa kizingitini, nyumbani kwao Kiseke, akifunga buti. Stoo ya kampuni haikuwa na buti za kike. Walimpa za kiume zilizo ndogo kuliko zote, na bado ilibidi avae soksi mbili na kusokomeza kitambaa mbele ya vidole. Mama yake, Tereza, alisimama nyuma yake amejifunga kitenge cha misa, rozari imezungushwa mkononi.

"Mama, hatuendi kanisani. Tunakwenda karakana."

"Mimi ninakokwenda na Mungu naye anakwenda. Kaza hizo kamba."

Ilikuwa desturi ya mafundi wa pale. Mtu akimaliza majaribio, siku anayothibitishwa kazini na kupokelewa kwenye chama cha wafanyakazi, mzazi wake huitwa aje asikie kwa masikio yake ni nani atamlinda mtoto wake. Mlinzi huulizwa maswali matatu mbele ya wote. Asipopatikana wa kuyajibu, hakuna kupokelewa.

"Nakukumbusha tulivyopatana," mama akasema. "Wasipokupokea leo, unavuka ziwa kwenda Ukerewe kwa mama yako mkubwa, ukasimamie duka. Habari za nguzo zinaishia hapo."

"Nakumbuka, mama."

"Na wakikupokea, sawa, Mungu atakuwa amependa. Lakini yule kijana asikae chini yako."

"Mama! Si ndiye mlinzi wangu?"

"Siku ile nilipokuleteeni viazi pale njiapanda nilisimama nikamwangalia anavyokuangalia. Mimi nimeishi na baba yako mpaka Bwana alipomwita. Hakuniangalia vile hata siku ya ndoa."

"Ni kazi yake, mama. Akiacha kuangalia anafukuzwa."

"Kazi ya kuangalia mabinti za watu? Inatangazwa wapi, nimwambie kaka yako naye aombe?"

Modesta alicheka, halafu kicheko kikamkwama. Laiti mama angejua kwamba binti yake akishuka tu, yule kijana hamtazami kabisa! Tena mambo yalikuwa yamezidi kuharibika tangu siku mguu wake ulipoteleza. Walikuwa wanavuta waya mpya hapo hapo Kiseke, umeme bado haujaletwa. Chuma cha kupandia kikachomoka kwenye nguzo, akaning'inia kwa mkanda kama popo, kisha akajirudisha. Alisikia sauti ya Yeremia, "Shuka!" imepasuka kama ya mtu aliyeungua. Aliposhuka alimkuta amegeukia ukuta wa nyumba ya watu. Hakumpa hata pole. Toka siku hiyo hata salamu ya asubuhi aliisemea kamba.

"Nimemuudhi," Modesta alijiambia. "Au ameona sifai."

* * *

Karakana ilikuwa Nyegezi, imebanwa na mawe makubwa yaliyopandana kama mtu aliyapanga halafu akasahau kuyashusha. Nguzo ya mazoezi ilisimama katikati ya uwanja. Mafundi walikuwa wamekwisha kaa kwenye magogo na kwenye ngoma tupu za kuzungushia waya. Mama Tereza alipewa kiti cha plastiki, akakifuta kwa ncha ya kitenge, akakaa mgongo wima.

"Shikamoo mama," walimwamkia mmoja mmoja.

"Marahaba, wanangu. Marahaba." Yeremia alipoinama kumwamkia, alimwitikia polepole, akimpima kuanzia buti mpaka kofia. "Maraaahaba."

Fundi Chenge, mwenyekiti wa tawi la chama, mtu mfupi mwenye kifua kama pipa, alisimama. Pembeni yake alikaa Dorotea, mwanamke wa kwanza kupanda nguzo katika karakana ile, ambaye sasa goti lake lilikataa na kazi yake ilikuwa kufundisha wapya.

"Mama, karibu kwetu," Chenge alisema. "Binti yako alikuja hapa na vijana wengi. Wengine nguzo iliwakataa, wengine waliikataa wao. Yeye amebaki. Leo akipanda mbele yako, akafunga kikombe kimoja, akashuka salama, ni wetu. Lakini hapandi mtu bila mlinzi. Yeremia, sogea."

Yeremia akasogea. Alikuwa kijana mrefu, mtulivu, mwenye mikono mikubwa ambayo siku zote ilionekana kutojua pa kukaa kama haina kamba. Modesta alisimama karibu na nguzo. Leo, alifikiri, leo ataongea zaidi ya maneno matatu, hata kama ni kwa kuulizwa.

"Swali la kwanza," Chenge aliita. "Akiwa juu, macho yako yatakuwa wapi?"

"Kwake."

Mafundi waliguna kwa kuridhika. Mama Tereza alisogeza punje moja ya rozari.

"La pili. Yeye akisema anashuka, na mkubwa akasema aendelee, utamfuata nani?"

"Yeye."

"La tatu. Akinaswa na umeme, utamshika?"

Jibu la swali hili lilijulikana hata na mama lishe wa getini. Simshiki. Ndilo somo alilofundishwa Modesta siku ya kwanza, kabla hajapewa hata glavu: mtu aliyenaswa hashikwi kwa mkono. Ukimshika, mnanaswa wawili. Kata umeme, chukua fimbo kavu, mwondoe kwa fimbo. Mkono wako uuzuie kama unavyomzuia mbwa.

Yeremia hakujibu.

"Yeremia."

"Naam, fundi."

"Akinaswa na umeme, utamshika?"

Yeremia alivua kofia yake ngumu. Aliigeuza mikononi kama anatafuta maandishi ndani yake. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Naomba alindwe na mtu mwingine."

Modesta alihisi damu yote imeshuka kwenye zile buti kubwa.

"Unasemaje?" Chenge aliuliza.

"Siwezi kuwa mlinzi wake. Naomba msamaha."

"Amekosea nini?"

"Hajakosea."

"Ni mwoga?"

"Hapana."

"Hashiki maelekezo?"

"Anashika kuliko mimi."

"Sasa?"

Yeremia akainamisha kichwa. Nyuma, fundi mmoja aitwaye Ngosha, ambaye mdomo wake haukuwahi kupitwa na jambo, alimnong'oneza jirani yake kwa sauti iliyofika mpaka getini, "Basi kuna kitu. Labda binti ana kifafa."

"Kifafa unacho wewe cha ulimi!" Dorotea alimkaripia.

Mama Tereza alikwisha simama. "Modesta. Twende nyumbani, mwanangu. Umesikia mwenyewe, amekukataa. Meli ya Ukerewe haijahama."

"Mama, subiri."

"Nisubiri nini? Aliyekuona kuliko wote ndiye aliyekukataa."

Maneno hayo yalimwingia Modesta kama mwiba. Ndiyo hasa. Aliyemwona kuliko wote. Aliyeona kila kidole chake kinapoingia, kila pumzi yake, akaona kitu gani? Alitafuta hasira akakuta kizunguzungu. Alivua glavu, akazitupa chini, akamwendea Yeremia.

"Njoo hapa."

"Modesta..."

"Njoo hapa, nimesema! Fundi Chenge, naomba dakika."

* * *

Walisimama nyuma ya transfoma mbovu zilizorundikwa karibu na mawe. Kutoka pale ziwa lilionekana kipande, limetulia kana kwamba hakuna kilichotokea duniani.

"Nimekukosea nini?" Modesta aliuliza. "Niambie, nimetukana? Nimekuangushia kifaa?"

"Hujanikosea."

"Unajua wasiponipokea ninakwenda wapi?"

"Ukerewe. Nilikusikia ukimwambia Dorotea."

"Kumbe unasikia! Mimi nilidhani chini ya nguzo unakuwa kiziwi na bubu. Unanitazama kutwa, nikishuka unanifanya mbuzi wa jirani. Sasa hivi tu, mbele ya mama yangu, unanitoa kazini kwa maneno manne. Yeremia, mimi sikuelewi! Nilale, niamke, sikuelewi!"

Kwa mara ya kwanza akiwa ardhini, Yeremia alimtazama. Modesta akatamani asingemtazama. Yalikuwa macho yale yale ya juu, lakini sasa hayakuwa mbali. Yalikuwa hapa, yamechoka, mekundu pembeni.

"Siku ile Kiseke," alisema. "Mguu wako ulipoteleza."

"Niliteleza, nikarudi. Kila mtu huteleza."

"Wewe ulirudi. Mimi sikurudi."

"Maana yake nini?"

"Niliachia kamba."

Modesta alimkodolea macho. "Uliachia kamba? Mimi ninaning'inia?"

"Niliiachia. Sikuamua. Nilishtukia niko kwenye nguzo, mikono yangu yote iko juu. Ndipo nikapiga kelele."

"Mlinzi haachii kamba."

"Najua."

"Basi asiyefaa ni wewe! Siyo mimi!"

"Ndivyo."

"Na wale pale wanafikiri mimi nina kifafa!" Sauti yake ilipanda, ikakatika. Alipitisha mkono usoni. Hakujua analia au anatokwa jasho. "Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo? Kwa nini unaniachia mimi aibu yako?"

"Kwa sababu nikisema hilo wataniuliza sababu. Na sababu yenyewe... sikutaka uisikie mbele ya watu, ukashindwa pa kuiweka."

"Sababu gani?"

Yeremia aligeukia ziwa. Ndiyo, mtu huyu alikuwa na maneno matatu tu duniani, na hakuna hata moja lililofaa hapo.

"Umenikataa mbele ya watu," Modesta alisema taratibu, kila neno likitoka peke yake. "Utanieleza mbele ya watu. Twende."

* * *

Walirudi uwanjani, yeye mbele, Yeremia nyuma. Mama Tereza bado alikuwa amesimama, mkoba kwapani. Ngosha alifungua mdomo, Dorotea akamnyooshea kidole, akaufunga.

"Fundi Chenge," Modesta alisema, "naomba umuulize tena. La tatu."

Chenge aliwatazama wote wawili, akakuna kidevu. "Yeremia. Modesta akinaswa na umeme, utamshika?"

Yeremia alivuta pumzi.

"Nitamshika."

Mtu mmoja alikohoa.

"Nimejaribu kulisema lile jibu lingine," aliendelea, na sasa maneno yalimtoka kama maji yaliyokuwa yamezibwa. "Nalisema njiani nikija kazini. Nalisema nikinawa uso. Simshiki, simshiki. Halafu siku ile mguu wake uliteleza, na mikono yangu ikaenda bila kuniuliza. Waya ungekuwa na umeme ningemshika hivyo hivyo. Asingepata msaada, tungenaswa wawili. Anahitaji mtu atakayesimama na kufikiri. Mimi kwake sifikiri. Ndiyo sababu. Binti hana kosa. Kosa ni langu, na ningemficha jambo hili mama yake ningekuwa muuaji."

Korongo aliyekuwa kwenye paa la stoo akabadilisha mguu.

"Yesu wangu," alisema Mama Tereza, akakaa.

Ngosha ndiye aliyefuata kusema, safari hii kwa upole. "Kumbe kifafa anacho Yeremia."

Kicheko kilizunguka uwanja mzima, cha ahueni. Modesta peke yake hakucheka. Kwa hiyo ule ububu wote wa chini... kwa hiyo ile kamba kukunjwa, kukunjwa tena... Alitaka kumpiga kofi. Alitaka kukaa chini. Hivi mtu anatakiwa ajisikieje, anapoambiwa kwamba anapendwa kiasi cha kukataliwa? Hakuna mtu aliyemfundisha hilo, si mama, si Chenge, si katekista.

Chenge alitikisa kichwa. "Sheria yetu inaujua ugonjwa huu. Ndiyo maana hapa ndugu halindi ndugu, wala mume halindi mke. Tuliwahi kuwa na mtu aliyemlinda mdogo wake. Tulichimba makaburi mawili siku moja." Akamgeukia Yeremia. "Kijana, umefanya vizuri kusema. Umechelewa, lakini vizuri. Kesho unahamia kundi la Buzuruga. Sasa tatizo linabaki. Huyu binti hana mlinzi. Na asiye na mlinzi..."

"Anaye," Dorotea alisema.

Alijiinua kutoka kwenye gogo, mkono mmoja umebonyeza goti.

"Wewe? Na goti hilo?"

"Goti lililokufa ni la kupandia. La kusimamia bado lipo. Niulize upesi, jua linawaka."

Chenge alimuuliza. La kwanza alilijibu. La pili alilijibu. La tatu, Dorotea alimgeukia Mama Tereza, akalijibu akimtazama yeye, mama kwa mama.

"Simshiki. Nampenda kama wangu niliyemzaa, lakini simshiki. Nitakata umeme, nitachukua fimbo, nitakurudishia mwanao. Kulia nitalia baadaye."

Mama Tereza alimtazama kwa muda. Halafu, polepole, alitikisa kichwa kukubali.

Modesta aliokota glavu zake. Alipanda. Chuma kikauma mti, mkanda ukapanda, chuma kikauma tena. "Endelea," Dorotea aliita kutoka chini, kwa sauti kavu ya mtu anayehesabu magunia, na Modesta alishangaa jinsi neno lile lile lilivyoweza kuwa neno tu. Hakuna kitu kilichompanda mgongoni. Mikono yake ilitulia. Alifunga kikombe, akakikaza, akakijaribu kwa kiganja.

Ndipo alipotazama chini kumtafuta yule mwingine.

Yeremia alikuwa amekwenda kusimama mbali, kando ya mawe, amewapa wote mgongo. Mafundi wote wametazama juu, mama yake ametazama juu, hata mama lishe ameacha sufuria amekuja getini. Yeye peke yake alitazama jiwe. Mikono ameiweka nyuma, mmoja umeukamata mwenzake kwa nguvu, kama askari aliyemshika mtu asimtoroke.

Juu ya nguzo ile, Modesta aliona kwamba hajawahi kutazamwa kama mgongo ule ulivyomtazama.

"Simama!" Dorotea alifoka. "Unaangalia wapi? Kazi iko mbele yako! Haya. Shuka."

* * *

Walimpigia makofi, wakamvalisha fulana ya chama iliyomfika magotini. Chenge alimpa mkono, akamwambia kuanzia leo akionewa yeye wameonewa wote. Mama Tereza alipokea soda, akaishika bila kuinywa.

Modesta alimwendea Yeremia kule kwenye mawe.

"Geuka. Nimeshashuka."

Aligeuka. Kwanza alitazama mikono ya Modesta, kisha miguu, akihesabu kama vyote vimerudi.

"Hongera," alisema.

"Usinipe hongera. Nina hasira na wewe. Tena nina furaha na wewe. Vyote viko hapa kooni vinasukumana, sijui kipi nikitangulize."

"Nisubiri?"

"Sijui!"

"Niondoke?"

"Ukiondoka nitakufuata na fimbo kavu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Tabasamu lilianzia upande mmoja, likasita, likavuka. Kisha likafifia, alikuwa anatazama nyuma ya Modesta, kwenye kile kiti cha plastiki.

"Mama yako alisema nisikae chini yako. Ngosha alinipasha, alimsikia leo akimwambia Dorotea."

"Na sasa hukai. Umehamishwa."

"Kwa hiyo naweza kwenda kuongea naye?"

Modesta aligeuka. Mama yake alikuwa ameshawaona. Hakuwa amekunja uso, hakuwa amekunjua. Alikuwa amekaa vile anavyokaa kanisani padri anapochelewa.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nitatuma wazee kwa utaratibu. Kwamba nimesema vibaya, mbele ya watu, kabla ya kubisha hodi. Atanifukuza?"

"Anaweza."

"Wewe unataka nini, Modesta?"

Swali hilo halikuwa kati ya yale matatu. Alilitafutia jibu, akakuta moyo wake kama stoo ya karakana, kila kitu kimo na hakuna kilicho mahali pake. Yeremia alisubiri, kisha akavaa kofia, akaivua tena, akaanza kutembea kuelekea kwenye kiti.

Modesta alibaki amesimama. Uwanja ulikuwa mpana kuliko asubuhi. Alimwangalia Yeremia akipita kwenye ngoma za waya, akipita kwa Ngosha aliyenyamaza kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Katikati ya njia, mguu wa Yeremia ulisita. Mama Tereza alikuwa ameweka soda chini na kukunja mikono kifuani.

Yeremia aligeuza kichwa, akamtafuta.

Na Modesta alikuwepo. Hakuwa amepepesa. Hakujua saa ngapi alianza, lakini macho yake yalikuwa yamemshika kijana yule kuanzia kisigino mpaka utosi, na korongo angeweza kutua kichwani mwake asijue.

"Endelea," alimwambia.